Nilimtaja Mwanasha

Kosa ni langu. Sikutumwa na mtu, sikuwa nimelewa, wala sikuwa mtoto wa kusema alikuwa hajui. Nilikuwa mwanamume mwenye ndevu zangu, na nilimwita dada yangu mwizi kwa sababu nilisoma riwaya nyingi za upelelezi nikajiona mjuzi. Mnicheke mkitaka. Mimi kicheko changu kilikwisha zamani.

Dada huyo nitamwita Mwanasha, ingawa silo jina lake. Ni binti wa shangazi yangu. Mamake alifariki yeye akiwa mchanga, Bibi akamchukua, tukalelewa nyumba moja pale Munje: Bibi, mama yangu, mimi na yeye. Akiniita kaka, nami nikimwita dada, na hakuna aliyetutofautisha.

Kwetu mtu hakusoma kitabu peke yake. Bibi hakujua kusoma, lakini alipenda visa vya mauaji na wapelelezi kuliko alivyopenda harusi! Ikisha sala ya alasiri alikaa barazani na ukindu wake akisuka mkeka, na mimi na Mwanasha tulipokezana kumsomea. Vitabu tulivitoa Ukunda, vikuukuu, vile vinavyotandazwa juu ya gunia kando ya barabara. Mama alipitapita na ungo wake akijifanya hasikilizi. Kisha ghafla: "Huyo daktari mimi simwamini hata kidogo." Tulikuwa tukicheka mpaka Bibi anapoteza hesabu ya mkeka wake.

Tukifika sura ya mwisho, Bibi aliamuru kitabu kifungwe.

"Haya. Kila mtu na ataje mtu wake."

Hapo kila mmoja alimtaja muuaji anayemshuku, akatoa sababu zake, wengine wakambishia. Baadaye ndipo kitabu kilifunguliwa tena. Ah, jamani! Nimezunguka nchi hii, nimesoma kwenye vibanda na vyumba vya kupanga, sijaonja tena raha ya kitabu kama ile.

Na mimi nilikuwa sikosi. Kila kitabu, mtu wangu ndiye. Bibi akanipa jina la Spekta, yaani inspekta. "Spekta wangu huyu," aliwaambia majirani, "ni serikali tu haijamjua." Nilivimba kichwa, wallahi.

Sasa sikilizeni siri yake. Nilikuwa nikidanganya. Kitabu kikiingia nyumbani, kabla hakijaanzwa, nilikipeleka shambani katikati ya mihogo nikasoma sura ya mwisho. Kisha nilirudi barazani, nikakunja uso kama mtu anayefikiri!

Mwanasha alinifumania mara moja. Alisimama na jembe lake begani, akanitazama, akacheka. "Kaka, wewe utakufa na dhambi ndogondogo." Hakumwambia mtu.

Bibi alikuwa na mkufu wa dhahabu aliorithi kwa mamake. Aliuweka sandukuni, umefungwa kwa kitambaa. Siku moja kulikuwa na harusi ya jamaa zetu Gazi, mama akaomba auvae. Bibi akafungua sanduku. Kitambaa kipo, mkufu haupo!

Walioingia chumbani kwa Bibi walikuwa wachache. Mama, mimi, Mwanasha aliyefagia kila asubuhi, na jirani yetu Bi Mishi aliyekuja kumkanda Bibi miguu kwa mafuta ya nazi.

"Ni Mishi," mama akasema hapo hapo. "Nani mwingine? Mikono yake ile ya mafuta huteleza mpaka sandukuni."

Bibi akamnyamazisha kwa mkono. Akanigeukia mimi.

"Tulieni kwanza. Spekta wangu, taja mtu wako."

Ndugu msomaji, sura ya mwisho sikuwa nayo. Nilipaswa kusema, "Bibi, sijui." Hilo tu! Lakini nilikuwa nimesifiwa miaka mingi, na ulimi ukaona haya. Nikajikumbusha vitabu vyangu: anayeshukiwa mapema huwa si yeye. Huwa ni yule mpendwa, yule wa ndani, yule ambaye hakuna anayemdhania.

Nikatikisa kichwa kama wapelelezi wanavyotikisa.

"Bi Mishi ni rahisi mno," nikasema. "Mtazameni mtu msiyeweza kumfikiria. Nani yumo chumbani kila siku? Nani anaolewa baada ya Mfungo Mosi na angependa kupendeza?"

Wakageuka wote. Nikalitaja jina.

Mwanasha alikuwa na ufagio mkononi. Aliushikilia vile vile.

"Kaka," akasema polepole, "na hiki nacho mwisho wake umeusoma wapi?"

Mama na Bibi hawakuelewa. Mimi nilielewa. Angeweza kunifichua pale pale, na angenifichua, neno langu lingekuwa takataka. Hakunifichua! Kwa nini? Mpaka leo sijapata jawabu, na naogopa kulipata.

Akamgeukia Bibi. "Isomwe Halbadiri, Bibi. Leo leo. Aliyechukua na impate."

Watu wa pwani mnaijua Halbadiri, dua ya kumwapiza mwizi. Kwetu mwizi sugu akisikia tu kuwa itasomwa, kitu hukutwa mlangoni asubuhi. Mtu akiomba mwenyewe isomwe, naye ndiye anayeshukiwa, huyo ni msafi! Hata mtoto wa chuo cha Kurani angelijua hilo. Lakini mimi nikamnong'oneza mama, "Vitabuni, mwenye hatia ndiye wa kwanza kuita polisi."

Mama akaanza kulia. "Haitasomwa! Huyu ni damu yetu. Ikimpata, kesho mbele ya Mungu nitamwambia nini marehemu mamake?"

Nasi tukajiona tumemhurumia. Kumbe huruma ile ndiyo iliyomhukumu. Kukataa isomwe kulikuwa ni kusema kwamba tumekwisha kuamini.

Hakufukuzwa. Hakuna aliyemwambia ondoka. Ila chumba cha Bibi kilianza kufungwa kwa kufuli, na ufagio akaushika mama. Maneno yakatoka nje, yakafika Msambweni kwa watu wa mchumba wake. Wakaleta salamu nzuri, za adabu, kwamba kijana wao bado hajawa tayari. Wiki iliyofuata Mwanasha alifunga nguo zake ndani ya leso, akaenda kwa watu wa babake Mackinnon Road. Bibi alimpa mkono wa kwaheri huku anatazama mkeka wake.

Baada ya hapo nilijaribu kumsomea Bibi kitabu kimoja. Tulipofika sura ya mwisho hakuniambia nikifunge. Nilisoma moja kwa moja mpaka mwisho. Hakuomba kingine.

Mimi nami nikaondoka. Nimepaka rangi mahoteli ya Diani, nimepanda mikoko Gazi, nimepakua magunia Lunga Lunga. Sikai mahali. Popote nilipo alasiri hunikuta, nikaikumbuka baraza ile, nikaanza kutafuta kazi pengine. Miaka kumi na minane imepita hivyo.

Bibi alifariki mwaka juzi. Ilipokwisha arobaini, mama alifumua godoro lake la sufi ili aianike juani. Akanipigia simu. "Njoo nyumbani." Nilipofika alinifungulia kiganja. Mkufu! Ulikuwa katikati ya sufi, ndani ya kipande cha leso kilichoshonwa pande zote. Mshono ule tuliujua, ulikuwa wa Bibi mwenyewe. Aliuficha kwa kuogopa wezi, uzee ukamsahaulisha.

Hakuna aliyeiba. Hadithi nzima haikuwa na mwizi!

Nilienda Mackinnon Road. Nilimkuta akiwapikia madereva wa malori katika kibanda cha mabati, amekonda, nywele za mbele zimeanza mvi. Alinitambua kabla sijasema. Alifuta mikono kwenye kanga yake akaja kunipa mkono. Adabu yake ile ile!

"Karibu, kaka. Habari za safari? Bibi hajambo?"

Sikuwa nimelitazamia swali hilo. Tulimzika Bibi bila kumwambia! Tuliona haya kumwita aje matangani mtu tuliyemwita mwizi, na kila mmoja wetu akajifanya mwenzake amempelekea habari.

"Bibi ametangulia, dada," nikasema. "Sasa ni miezi miwili."

Aliketi juu ya dumu la maji lililolazwa. Akasema inna lillahi. Dereva mmoja aliita, "Mama, chapati zangu vipi?"

Nikamtolea mkufu. Nikamweleza godoro, sufi, mshono. Nikamwomba radhi, nikalia mbele za watu, mtu mzima mimi. Yeye hakuugusa mkufu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulipatikana lini? Kabla hajafa, au baada?"

Nilijua anauliza nini. Na niwaambieni kweli, nilitaka kudanganya. Ningesema "kabla," na angalau angepumzika.

"Baada," nikasema.

"Basi alikufa akijua ni mimi."

Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumpelekea yule dereva chapati zake. Nilisubiri mpaka alipoanza kuosha masufuria. Hakugeuka tena upande wangu, nami sikuthubutu kumwita.

Nyinyi mnaopenda riwaya za siri kama mimi, someni. Someni na wazee wenu, bishaneni, tajeni watu wenu mpaka mchoke kucheka. Lakini mtu wa kitabuni ukimsingizia, ukurasa unaofuata utamsafisha. Mtu wa nyumbani kwako hana ukurasa unaofuata! Ukiulizwa na hujui, sema hujui, hata kama utachekwa na nyumba nzima. Mimi niliogopa kuchekwa alasiri moja, na kwa ajili hiyo bibi yangu amelala kaburini akimchukia mjukuu aliyempenda kuliko sote, na mimi siwezi kumfuata huko nikamwambia.