Nilimkubali Mgane

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna fundi aliyemfikia kwa kupinda suruali. Cherehani ilikaa mbele, karibu na dirisha. Nyuma ya pazia kilikuwa kitanda chake. Mumewe alimwacha akamfuata mwanamke mwingine, na tangu siku hiyo Mama Pindo akajiwekea neno moja: mume wa mtu hapiti pazia lile, hata aje na dhahabu.

Mpima ardhi alikuja kupunguziwa suruali, mguu wake wa kulia ukiwa mfupi kidogo kuliko wa kushoto. Akasema yeye ni mgane, mkewe alifia uzazini. Mama Pindo hakuamini upesi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi mwanamume akampeleka makaburini, wakang'oa magugu pamoja kwenye kaburi lisilo na jina, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Ndipo pazia likafunguliwa. Mwaka ule Mama Pindo alinawiri hata dada yake akamtania, "Mdogo wangu, sasa jipime na wewe kiuno!"

Asubuhi moja akaingia mama mchangamfu na suruali mpya ya kijivu.

"Ya mume wangu hii. Mguu wa kulia upunguze kidogo, dada. Huko Mungu alimpunja."

Mama Pindo aliishika suruali. "Mumeo anafanya kazi gani?"

"Anapima viwanja. Kila wiki safari."

Mteja alipoondoka, Mama Pindo alifunga mlango akaenda kituo cha polisi. Askari wa kike alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alikushika kwa nguvu, mama?"

"Hapana."

"Basi ulikubali."

"Nilimkubali mgane. Mume wa mtu sikumkubali."

Askari akashusha pumzi. "Sheria yetu inauliza kama ulimkubali mtu huyu, haiulizi alikwambia nini. Tukifunga kila mwanamume mwongo, hata sisi tutakosa pa kukaa."

"Angenidanganya nikampa cherehani yangu, mngemkamata?"

"Hiyo tungemkamata. Ni utapeli."

Askari akayainamia makaratasi yake, na alipoinua kichwa alisema tu, "Pole, mama. Ningekuwa na pa kuliandika jambo hili ningeliandika."

Ijumaa yule mama aliyeleta suruali akarudi. Mama Pindo alimkalisha akamweleza yote, macho yakiwa chini. Yule mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Aliniua kwa ugonjwa gani?"

"Uzazi."

"Na mimi sijajaliwa hata mtoto mmoja," akasema, machozi yakimtiririka. Akaondoka mikono mitupu.

Mpima ardhi hakuonekana tena. Mama Pindo akawa anaoga mara tatu kwa siku, na kitanda akakiuza, akalala mkekani. Dada yake alichoka kumwona vile.

"Mdogo wangu, hakukupiga, hakukutukana. Si ulikuwa na furaha naye?"

"Nilikuwa nayo," akajibu, akageukia ukutani. Dada alingoja aendelee, lakini Mama Pindo akainuka, akachukua ndoo, akaenda kuoga tena.