Kiberiti cha Wifi Yangu Kina Ndege Ndani

Saa nne asubuhi, mwanamke niliyemwonea kijicho kwa miaka ishirini aligonga mlango wangu, akaniwekea mkononi kitu kile kile nilichokuwa nakililia, akaniambia, "Nitunzie."

Hakuniapisha wala hakuniandikisha.

Soma taratibu. Mimi sina haraka, na jambo lenyewe halitaki haraka.

Naitwa Fikriya, mama Hazim. Nakaa Iskandaria, mtaa wa Attarini, ghorofa ya tatu, juu ya fundi anayetengeneza vinara vya shaba. Ninakusanya viberiti vya petroli vya zamani, vile vya chuma ambavyo vijana wanaviita laita.

Ninavyo mia moja na kumi na viwili. Vingi nilirithi kwa marehemu mume wangu, Rifaati. Vingine nimevichimbua kwenye masanduku ya mafundi saa. Kimoja nilibadilishana na bata wawili, na hadi leo naona nilimpunja yule mwenye kiberiti.

Sivuti sigara. Hata moshi wa ubani unanikohoza.

Sasa nikueleze kitu kimoja, maana bila hicho utapotea njiani.

Kiberiti cha petroli kina ganda la nje na kina utumbo. Utumbo ndio ile sehemu ya ndani yenye utambi, gurudumu na pamba. Unauvuta, unatoka wote mzima mzima. Ganda zuri lenye utumbo usio wake ni kama bibi harusi mwenye meno ya bandia. Anapendeza mpaka acheke.

Na chini ya utumbo kuna kipande cha sufu kilichobandikwa. Sufu ya miaka sabini hukatika kama mkate mkavu, kwa hiyo nyumbani haifunuliwi. Anaifunua mthamini peke yake, kwa sindano, mbele ya watu. Hiyo ni sheria yetu wakusanyaji, na mimi sijawahi kuivunja.

Kumbuka hapo.

Baba mkwe wangu, Haji Mutawali, alikuwa fundi wa viberiti, na kibanda chake kilikuwa karibu na kituo cha tramu. Sonara mmoja Mwarmeni aliyekuwa anahama mji alimwachia viberiti viwili vya fedha, mapacha, vyenye ukingo uliosokotwa kama kamba. Sonara yule alikuwa na alama yake. Chini ya sufu aligonga ndege hudihudi, mdogo kama punje ya ufuta, lakini kishungi chake unakihesabu nywele kwa nywele.

Utumbo mmoja ukaja kuliwa na kutu. Haji akatengeneza mwingine kwa mikono yake, ukafanana na ule wa zamani huwezi kuutofautisha. Isipokuwa hakugonga ndege. Haji hakuwa mtu wa kughushi.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliwaita watoto wake wawili. Nilikuwepo, nimeshika bakuli la mchuzi. Alisema, "Rifaati, chako ndicho chenye hudihudi. Inshirahi, chako utumbo nimeutengeneza mimi baba yako." Akaviweka vyote kwenye mtoto wa meza.

Juma lililofuata tukamzika. Nyumba ikajaa wanawake siku tatu, na Inshirahi, wifi yangu, alilala chumba kile kile cha mzee.

Miaka sita Rifaati alikifungia kiberiti chake kwenye soksi. Alikuwa akiwaambia wenzake mkahawani, "Baba alinipa mimi yule ndege." Wakamsumbua sana awaonyeshe. Wakusanyaji wa mji huu hukutana mkahawani kila Ijumaa, na ile inayofuata sikukuu ya machipuo, Kunusa Upepo, ndiyo kubwa, kila mtu bado ananuka samaki wa chumvi na vitunguu. Siku hiyo Rifaati akavaa koti lake la harusi, akampa Ustadhi Wadii, mthamini wetu, akifunue.

Ustadhi akaingiza sindano, akainua sufu, akatazama kwa kioo. Kisha akatazama tena.

"Hapa hamna kitu, Rifaati. Shaba tupu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema labda ndege karuka. Kisha Inshirahi akatoa chake kwenye pochi, kwa unyenyekevu wa paka aliyelamba maziwa. Kikafunuliwa. Hudihudi huyu hapa, na kishungi chake.

Mume wangu alicheka pamoja na watu. Nyumbani hakugusa chakula siku mbili. Nilimwambia wazi kwamba dada yake alibadilisha matumbo siku za msiba. Akanikataza nisirudie neno hilo. Alisema mzee alikuwa haoni vizuri, alikosea. Miaka mitatu baadaye naye akafa, na pale mkahawani wakaendelea kumkumbuka kama mtu aliyejitapia ndege asiye wake.

Ndicho kilichokuwa kinanila. Ila nisijifanye walii. Nilikuwa nakitaka kile kiberiti kwa macho yangu mwenyewe. Inshirahi akikiwasha, ule mfuniko wake unavyolia *tii*, maini yalikuwa yanakatika. Nikienda kwake nakuta amekiweka kwenye kabati la kioo, peke yake, juu ya kitambaa cha kijani, kama mtoto wa pekee. Nilikuwa namsifia kwa mdomo huku roho inatafuna kucha.

Sasa turudi kwenye ile saa nne asubuhi. Ni msimu wa machipuo wa mwaka jana, siku nne kabla ya mkutano mkubwa.

Inshirahi alikuwa anakwenda kuondolewa mtoto wa jicho. Alisema hamwamini mkwe wake Dalia kumwachia kiberiti, maana Dalia akiona kitu cha zamani anakiona takataka. Kisha akasema ana kisukari, na mtu wa kisukari akilala chini ya kisu hajui kama ataamka.

"Wifi, nitolee na cha kaka nikiangalie. Nikiwa bado na macho yangu haya haya."

Nikamtolea. Nikaviacha vyote viwili mezani, nikaenda kupika kahawa. Ikafurika jikoni, nikafuta jiko, nikaanza upya. Niliporudi aliketi vile vile, viberiti vimefungwa, vimelala sambamba, naye anafuta vidole kwa leso. Macho mekundu. Nikasema moyoni, ni hilo jicho.

Akanywa kahawa yake. Mlangoni akageuka.

"Ijumaa tukutane mkahawani, ndugu yangu. Na cha kaka mpe Ustadhi Wadii akifunue tena."

Tena?

Nikasema moyoni, mwanamke huyu hatosheki. Marehemu hata kaburini anataka achekwe tena? Nikamjibu, kwa sauti tamu kama asali ya miwa, "Kitafunuliwa, wifi. Usijali."

Hata ngazi hajamaliza kushuka, nimeshafunga mlango kwa komeo.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Nilitandika kitambaa cheupe mezani, nikaweka sahani ya bluu na sahani nyeupe nisije nikachanganya. Kwenye bluu, kiberiti cha Rifaati. Kwenye nyeupe, cha Inshirahi. Nikavuta utumbo huu, nikavuta na ule. Matumbo yalifanana kabisa. Nikaupitisha wa sahani nyeupe kwenye ganda la bluu, wa bluu kwenye ganda jeupe. *Tik. Tik.* Kwisha.

Sufu sikuifunua. Sheria ni sheria, hata kwa mwizi. Na ya nini? Miaka ishirini nilijua changu hakina ndege na chake kinaye. Kitu unachokijua hukiangalii.

Mimi huyu, ninayechagua dengu punje kwa punje.

Wala sikujiita mwizi, nisikudanganye. Nilijiambia ninarudisha mali ya marehemu. Akigundua atasema nini? Mwizi ataendaje kulalamika kwamba kaibiwa? Usiku ule nililala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Ijumaa ikafika. Inshirahi alikuja na miwani nyeusi na pamba juu ya jicho, amemshika Dalia mkono. Amepona vizuri, alhamdulillahi. Nikamrudishia kiberiti chake, akakipapasa, akakitia kwenye pochi. Akaketi mkabala nami, akatabasamu tabasamu ambalo sikulielewa. Nikamtabasamia na mimi.

Nilikuwa nimevaa gauni langu la zambarau na nimejiandaa la kusema. Ndege akitokea, nitasimama niseme, "Haji Mutawali hakukosea, na Rifaati hakuwa mwongo." Maneno hayo nilikuwa nimeyarudia mbele ya kioo mpaka kioo kikachoka.

Ustadhi Wadii sasa ni mzee wa miaka themanini na kitu, lakini mkono wake hautetemeki. Akavuta utumbo. Akaingiza sindano. Akainua ile sufu polepole, maana ilishafunuliwa mara moja. Akashusha kioo.

Watu wakasogeza viti. Hata dhumna zilinyamaza.

"Mama Hazim," akasema kwa huruma, "ni kama ile siku. Shaba tupu."

Nikamtazama Inshirahi. Tabasamu lilikuwa limeganda usoni mwake, halafu likaanza kushuka, kidogo kidogo, kama pazia lililochomoka pete.

Akavua miwani. Akanitazama kwa lile jicho moja zima.

Halafu akatoa cha kwake kwenye pochi, akakisukuma mbele ya Ustadhi. "Funua na hiki."

Hudihudi. Na kishungi chake.

"Nacho ni kama ile siku," akasema Ustadhi. Watu wakarudi kwenye chai zao. Kwao hakuna kilichotokea.

Inshirahi akaomba nimsindikize nje apate hewa. Dalia tulimwacha na soda yake. Tukakaa kwenye ukingo wa jiwe mbele ya duka la vioo, wazee wawili, hakuna anayemwangalia mwenzie.

"Ulivibadilisha," akasema.

Nikakung'uta vumbi kwenye gauni langu.

"Siku ile ulipokwenda kupika kahawa, mimi nilitangulia kuvibadilisha. Nilimrudishia kaka ndege wake. Kahawa yako ikafurika, nikasema Mungu kanipa muda."

Nikageuka kumtazama.

Akaniambia yote. Kwamba alimwuguza baba yake miezi minane, akimgeuza, akimwosha, na kaka anakuja Ijumaa na machungwa. Halafu mzee anampa kaka yule ndege. Alisema wivu ulimkaba pale pale mbele ya kitanda. Siku ya pili ya msiba akavibadilisha gizani, kwa kupapasa. Siku kaka alipoaibika alitaka kusema, mdomo ukagoma. Na kila mwaka uliopita, kusema kukawa kugumu zaidi.

"Nilitaka Ustadhi amkute ndege mbele ya watu wale wale waliomcheka," akasema. "Bila mimi kufungua mdomo. Wewe ukamrudisha kwangu."

Jamani. Nilisuka mtego, nikatega, nikanaswa mimi. Miaka ishirini nadai haki ya mume wangu, imeletwa mpaka mezani kwangu, nami nikaifunga vizuri nikamrudishia aliyeichukua. Na sahani mbili juu, nisije nikachanganya.

Inshirahi akaanza kucheka. Akacheka mpaka jicho bovu likatoa machozi, nami nikamwambia daktari amekataza. Akajifuta, akakishika kiberiti mkononi. Nikadhani atanipa.

Akakitia kwenye pochi. Akafunga zipu.

"Nilimpa kaka haki yake mara moja, wifi. Aliyeikataa si mimi."

Nikamwambia basi akae na ndege, lakini tuingie ndani awaambie watu ukweli, jina la Rifaati lisafike. Nilimwomba kwa kweli, nikamshika na magoti.

"Tuingie," akasema. "Nikisema langu, na wewe utasema lako?"

Niliutazama ule mlango wa mkahawa. Niliwaona wote wale, miaka yote wananiita mama Hazim mwaminifu, ananiachia kila mtu vitu vyake akisafiri. Nikaliona gauni langu la zambarau.

Nikasema jua kali, twende nyumbani.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima umepita. Tunapelekeana samaki wa sikukuu, tunaulizana hali za miguu. Yule ndege bado yuko kwenye kabati la kioo juu ya kitambaa cha kijani, na nikienda kwake bado maini yanakatika, tena siku hizi zaidi, maana sasa nimenyimwa na mkono wangu mwenyewe.

Rifaati naye bado ni yule mtu aliyejitapia ndege.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini kimenigharimu. Kabla hujanyoosha mkono kwenye cha mwenzio, funua chako kwanza uone kilichomo. Wivu una macho ya mbali sana, ila chini ya pua yake hauoni.

Wakusanyaji wa Attarini wote mmo humu kwenye kundi letu la simu, nawaona majina yenu. Basi mmesikia. Mimi Fikriya nilivunja amana.

Na wewe Inshirahi, najua Dalia atakusomea. Langu nimelisema.

Ijumaa nakusubiri mkahawani.