Mahali Palipokuwa na Picha ya Mama

Mimi mtu akinichekea huangalia kwanza visigino vyake. Uso kila mtu anajua kuupanga, visigino watu husahau. Kazini kwangu, hapa Pemba mjini Chake Chake, nakaa meza ya mapokezi, mwaka wa kumi na sita huu, na nimewaona wengi wakibadilisha sura mlangoni kabla ya kuingia kwa mkubwa. Sijitoi. Na mimi ninayo sura yangu ya ofisini, na Kiswahili chake cha redioni, na nikirudi nyumbani Gombani naviacha hukohuko.

Kwa hiyo wifi yangu aliponiletea habari kwamba kuna watu wa Wete wamemuulizia binti yangu, sikufurahi. Nilimuuliza wamemuulizia kwa nani, na wameambiwa nini.

"Aa, weye nawe! Watu wataka mke, weye waleta mashtaka," alisema. "Kaa tayari tu. Watakuja wiki hino, siku waijuayo wenyewe."

Huku kwetu, kabla ya posa yenyewe, wanawake wa upande wa kijana hupita kwanza kutupa jicho. Hawatoi taarifa. Huja na kisingizio, wamepotea njia au wanatafuta mtu, na mwenye nyumba naye hujifanya hajui kitu. Wote wanajua, na kila mmoja anajitahidi asionekane anajua. Ukitaka kuniua mimi, nipe mchezo kama huo.

Nililetewa wageni wa namna hiyo nikiwa na miaka kumi na tisa. Walikunywa chai, wakaisifu. Kisha mama yangu akaingia kutoka uani kuwasalimu. Mama alikuwa na chale usoni, mistari mitatu kila shavu, alizochanjwa utotoni huko bara kabla baba yake hajamleta Pemba kuja kuchuma karafuu. Walimwamkia kwa heshima zote, heshima zilizozidi kipimo, wakaaga, na hawakurudi. Hakuna aliyesema kwa nini. Nilimchukia mama mwezi mzima. Halafu nikajichukia mwenyewe, na hiyo ya pili haikwisha kwa mwezi.

Wakati wa habari hizi za Wete mama alikuwa ametimiza miaka minne tangu afariki. Picha yake ilikuwa ukumbini juu ya kochi: amekaa kwenye kiti, mtandio mweupe, chale zote zinaonekana, anamtazama mpiga picha bila kucheka. Binti yangu ndiye aliyeitundika. Alilelewa na bibi yake, akamrithi paji la uso, pua, mpaka namna ya kutazama. Ukimwondolea bibi zile chale, ni yeye.

Jumatatu ya wiki ile niliiteremsha, nikaifunga ndani ya kanga na kuitia chini ya godoro. Nilijiambia ni siku chache tu, kwa heri ya mtoto. Ukuta haukunisaidia. Ulibaki mraba mweupe na msumari wake, na kalenda niliyoitundika pale ikawa ndogo, weupe ukaizunguka pande zote. Binti yangu alirudi kutoka skuli anakofundisha, akautazama ukuta, akanitazama mimi, akaingia chumbani kuswali. Hata kimya chake nilikitilia shaka, lakini wiki ile nilikuwa na watu wengine wa kuwatilia shaka.

Kazini niliomba ruhusa, nikasema naumwa mgongo. Jumanne akabisha hodi mama mmoja, kandambili zimeungwa kwa waya, anaulizia nyumba ya mwenye kuuza mbuzi. Nikasema moyoni, huyu ndiye, kajitia umaskini anijaribu. Nikamkalisha kwenye kochi, nikamletea sharubati na kaimati, nikamuuliza hali za Wete.

"Wete?" alisema, kaimati mkononi. "Miye mtu wa Mtambile, bibi'angu. Nataka mbuzi tu."

Hata alipoondoka nilisimama dirishani kuhakikisha anaelekea kwenye mbuzi kweli.

Wenyewe walikuja Alhamisi baada ya alasiri, mama wa kijana na shangazi yake. Walisema wanatafuta fundi cherehani, wamepotea. Mabaibui yao yalikuwa yamepigwa pasi mpaka ncha za mikono, na visigino vimesuguliwa kwa jiwe. Niliwakaribisha kwa Kiswahili changu cha ofisini, sijui kwa nini, kilitoka chenyewe. Binti yangu akaleta chai. Mama wa kijana alimtazama vizuri, kisha akanyanyua macho ukutani.

"Hapa palikuwa na kitu?"

"Saa," nilijibu. "Iliharibika, tukaitupa."

Binti yangu alikuwa anamimina chai. Alijaza vikombe vyote, akawakaribisha, akatoka.

Tukazungumza mvua na karafuu. Walipokuwa wanavaa viatu mlangoni, yule shangazi alinishika mkono. "Mamayo ndiye alonizalisha wanangu wawili," alisema. "Mwenyezi Mungu amrehemu. Na mtoto kafanana naye hasa."

Walikuwa wanajua. Walijua tangu kwao Wete. Mama alikuwa mkunga, akiitwa kuzalisha kisiwa kizima, na mimi katika hila zangu zote sikuwaza kwamba waliozalishwa naye wanamkumbuka. Lakini mpaka leo sijaamua kama yale yalikuwa maneno ya wema au sindano. Nimeyageuza mara nyingi, sijaona mshono.

Niliporudi ndani binti yangu alikuwa anakusanya vikombe.

"Mama," alisema, pole pole, "picha ya bibi umeificha. Na uso wangu miye, ntautia wapi?"

Nilimwambia anyamaze, hajui watu. Nilimwambia nimefanya kwa ajili yake. Nilisema mengi, kwa sauti ya juu, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Niliona aibu, na aibu yangu mimi huja na ukali. Aliniacha nimalize, akaenda kuosha vyombo.

Jibu la Wete lilikuwa la heri. Aliolewa, akahama na picha ya bibi yake. Mume ni mtu mwema. Sijampata na kosa, na si kwamba sijatafuta.

Nikienda kwa binti yangu namkuta kajipamba, ubani unafuka, biskuti zimepangwa kwenye sahani. Nikiuliza hali, hawajambo, alhamdulillahi, wote wazima. Zamani alikuwa akinilalia mapajani na kuninung'unikia mpaka jino linalomuuma. Mwaka jana nilikutana na jirani yake sokoni, akanipa pole. Pole ya nini? Yule jirani akashtuka, lakini neno lilikwisha kutoka. Binti yangu alikuwa amelazwa siku tatu, mimba imetoka. Nilizirudia siku zile kichwani. Moja ya siku hizo nilimpigia simu, akaniambia yuko jikoni anapika.

Nilikwenda kwake palepale, mkoba wa mboga mkononi. Nilimuuliza amenificha kwa nini, mimi mama yake.

Hakukasirika. Alinitazama bila kucheka, kama alivyokuwa akinitazama mama yangu.

"Siku zile sikuwa na hali ya kukaguliwa, mama," alisema.