Ghala la Wandera

Maximilla Andati, mshonaji wa nguo katika soko la Khwisero, alikuwa mtu wa maswali. Lakini swali moja nyumbani kwao halikupata wa kulijibu: kwa nini wao, wajukuu wa Were, walikatazwa kula kwa wajukuu wa Wandera, ilhali Were na Wandera walikuwa ndugu wa tumbo moja, na maboma yao yalitenganishwa na ua wa michongoma tu?

"Tulikatazwa," baba yake, mzee Erastus, mwana wa Were, alimjibu kila mara. "Basi."

Mwaka wa 1994, binti mdogo wa Maximilla alirudi kutoka ng'ambo ya ua akitafuna muwa, na Erastus akamchapa. Maximilla akaona imetosha. Alifunika cherehani yake, akaenda Butere kwa Kukhu Sellah, bibi aliyekuwa dada wa pekee wa wale ndugu wawili.

"Ilikuwa njaa ya wakati wa vita vya Hitler," Kukhu alisema. "Binti wa Were alikuwa anazimika. Were akaenda kuomba mtama. Wandera akasimama mlangoni mwa ghala, akakataa kufungua. Mtoto akafa. Were akaapa uzao wake hautakula pale tena."

"Alikataa kwa nini, Kukhu?"

Bibi alimtazama sana. "Ghala lilikuwa tupu. Nililifagia mwenyewe. Mwanamume mwenye wake wawili, aliona aibu ndugu yake ajue hana hata punje. Akaniapisha nisiseme."

"Miaka hamsini, na hukumwambia mtu?"

"Nani aliwahi kuniuliza?"

Erastus alipoambiwa alikasirika, akachukua jembe akaenda shambani. Siku ya tatu, mchana, Maximilla alimwona akipenya kwenye ua wa michongoma, akamfuata. Mzee alimkuta Phineas, mwana wa Wandera, akakosa hata kumsalimu.

"Mwaka ule wa njaa, ninyi mlikula nini?"

"Mizizi ya migomba," Phineas alisema. "Tulionywa tusiseme."

Mke wa Phineas akaleta obusuma, ugali wa kwao, na mboga. Erastus alimega mara mbili. Tonge la tatu lilimshinda.

Si wote waliokubali. Shangazi mmoja hakuvuka ua ule hadi alipokufa. Lakini watoto walianza kupita.

Siku ile ya kula kwa Phineas, wakirudi, Maximilla alimuuliza baba yake jina la mtoto aliyekufa, maana katika ugomvi wote hakuwahi kulisikia likitajwa.

Erastus alisimama. "Namalwa," alisema. "Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni."