Bawa Badala ya Tanga

Wale ndugu wawili watu waliwazoea kwa pea, kama viatu. Mkubwa alikuwa fundi cherehani, wakamwita Sindano. Mdogo alitengeneza milango na madirisha, naye akaitwa Dirisha. Jina hilo hakulipenda, lakini angefanyaje, hata marehemu mkewe alimwita hivyo siku za hasira.

Kilichowapa sifa kuliko ufundi wao ni vimashua. Si vya kupanda mtu, la, vya urefu wa mkono, vyenye tanga na usukani na kipande cha risasi chini ili visipinduke. Kila Jumapili asubuhi walivipeleka nyuma ya soko, kwenye shimo la zamani la kuchimbia mawe ambalo lilikuwa limejaa maji mpaka likawa bwawa. Na walikuwa na utaratibu wao. Mmoja anasimama ukingo huu, mwingine ng'ambo. Huyu anatega tanga, anatega usukani, anaachia. Akishaachia hana lake tena, hakuna kamba wala rimoti, mashua inakwenda na akili uliyoitia. Yule wa ng'ambo anaizuia kwa fimbo kabla haijagonga mawe, anaigeuza, anairudisha. Ikienda kombo, basi hapo ni kutukanana juu ya maji mpaka wauza nyanya wanashika mbavu.

"Umetega usukani au umetega panya?"

"Kimbia wewe! Tumbo hilo limekuwa nanga?"

Mtu mmoja peke yake mchezo huo hauwezi. Atazunguka bwawa lote mbio, na mashua haimsubiri. Ndivyo walivyogawana kazi pia: Dirisha alichonga miili, Sindano alishona matanga kwa vitambaa vya miavuli iliyokufa.

Kisha kiharusi kikampiga Sindano. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta. Mdomo ulipinda kwa muda, lakini maneno yalirudi yote, na mengine ya nyongeza. Cherehani ikafunikwa shuka. Bwawani hakwenda tena. Alikaa chumbani, kitini kando ya kitanda, uso ukutani, na kila Jumapili Dirisha alipopita kumchukua jibu lilikuwa lile lile.

"Nenda wewe. Mimi nimeshafika."

Dirisha aliondoka na neno hilo kichwani. Daktari alikuwa amesema mtu huishi na hali ile miaka na miaka, kwa hiyo ugonjwa wenyewe haukumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba kaka yake alikuwa ameamua. Asipomtoa mle chumbani mapema, alijua, siku ya kumtoa itakuwa ya kumbeba.

Akawaza, akawaza. Kimashua cha tanga la kitambaa kina vituko. Upepo ukigeuka kidogo, tanga linapiga makofi na mashua inapotea njia, na wa kuipokea lazima akimbilie huku na kule. Mtu wa kitini atakimbilia wapi? Siku moja mteja mmoja akamwonyesha kwenye simu mashua isiyo na tanga. Ilikuwa na bawa gumu, kama la ndege, limesimama wima, linazunguka lenyewe kwenye mlingoti. Nyuma ya bawa, kwenye kijiti, palikuwa na mkia mdogo. Mkia ndio unaousikiliza upepo, na bawa linausikiliza mkia. Upepo ukihama, vyote vinahama pamoja bila kushikwa na mtu. Mashua kama hiyo, alifikiri Dirisha, haitatangatanga. Itakwenda mpaka miguuni pa mtu aliyekaa.

Alilichonga bawa kutoka kwenye lile povu jeupe linalokuja na friji mpya, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu, akalivika karatasi na gundi, akalitia mkia nyuma kwenye kijiti. Katikati akapitisha mrija wa kalamu ili ujivike kwenye mlingoti wa chuma. Mezani pake alilipuliza kwa mdomo. Likageuka polepole, likatulia. Alipuliza tena upande wa pili. Alicheka peke yake kama mwehu, mzee mzima.

Akaipeleka mashua kwa kaka yake siku hiyo hiyo, hata vumbi la povu hajajipangusa.

"Tanga liko wapi?" Sindano aliuliza.

"Ndilo hili, kaka."

"Limeshonwa na nani?"

"Hili halishonwi."

Sindano aliliangalia juu mpaka chini. "Kumbe. Umepata njia ya kumfukuza fundi cherehani."

"Si hivyo, kaka. Nimeitengeneza kwa ajili yako. Inajitega yenyewe, haihitaji mkono."

Neno lilikwisha kutoka ndipo aliposikia alichosema. Sindano aliutazama mkono wake wa kulia, umelala pajani kama mzigo wa abiria mwingine.

"Haihitaji mkono," alirudia. "Mletee kilema kilema mwenzake. Toka nayo."

Mlangoni shemeji yake, mke wa Sindano, alimkamata shati. "Wewe naye! Maneno yote ya duniani, ukaokota hilo?"

Jumapili Dirisha alikwenda bwawani peke yake. Upepo ulipokuwa mdogo, mashua ilikwenda kwa adabu, akaanza hata kuzunguka ukingo kuiwahi. Kisha upepo ukaja kwa nguvu, mashua ikainama kama mashua zote, na hapo bawa na mkia wake vikaanguka upande wa chini kama kichwa cha mlevi. Mashua ikazunguka, ikalala majini. Aliikausha, akaijaribu tena, ikalala tena. Mara ya tatu wauza nyanya hawakucheka hata kidogo, na hilo likamuuma kuliko kicheko.

Hakupanga kwenda kwa kaka yake. Miguu ndiyo iliyompeleka. Shemeji akamfungulia, akaona maji yakichuruzika kwenye suruali, hakuuliza.

"Imezama?" Sindano alisema bila kugeuka.

"Imelala."

"Imelalaje?"

Dirisha akaeleza. Halafu Sindano akageuza kiti, mara ya kwanza kwa muda mrefu.

"Ilaze hapo kitandani. Kwa ubavu."

Akailaza. Mkia ukaanguka pale pale, pu, ukagusa shuka, na bawa likaufuata.

"Ulipoijaribu nyumbani ilikuwa imekaaje?"

"Wima. Mezani."

"Wima!" Sindano alicheka, lakini si kicheko kizuri. "Wima hata mimi mzima. Tazama." Akashika kitanda kwa mkono wa kushoto, akasimama. Mkono wa kulia ulining'inia kwa utulivu, ungeweza kudhani mzima. Kisha akainama kidogo. Mkono ukabembea mbele ya tumbo, ukamvuta, na kama si mkewe kumdaka angeufuata sakafuni. "Umeona? Nikiinama tu, unakwenda unakotaka, na mimi nyuma yake. Bawa lako lina uzito nyuma na mbele halina kitu. Tia uzito mbele ya mlingoti, mpaka ukiilaza mashua, bawa lenyewe lisijue kwamba limelazwa."

Dirisha akachomeka spoki ya baiskeli kwenye pua ya bawa. Sindano alizibana risasi ndogo ndogo kwa koleo, kwa mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine, akitukana kila iliyomponyoka. Mwishowe, mashua ikiwa imelala ubavu, ulilisukuma bawa popote, likabaki ulikoliacha.

Kuhusu Jumapili iliyofuata, Dirisha hakuthubutu kuuliza. Aliogopa kusikia lile neno la kufika. Shemeji ndiye aliyesema, akiwa anakunja nguo. "Jumapili nafua mashuka yote. Sitaki kuona mtu kwenye kitanda hiki."

"Unanifukuza nyumbani kwangu?"

"Asubuhi tu."

Wakampeleka kwa teksi, wakaweka kiti ng'ambo, karibu na maji, fimbo mkono wa kushoto. Alikuwa amekunja uso. Mkewe alipotaka kubaki, alifoka, "Nenda sokoni huko! Nisisimamiwe kama mtoto anayeogeshwa."

Dirisha alizunguka mpaka upande wake, akatega mkia, akaachia.

Mashua ikaenda. Katikati ya bwawa upepo ukaipiga, ikainama, na bawa halikujua. Ikainuka, ikaendelea, imenyooka kama mshono. Wauza nyanya wakasimama. Dirisha alitaka kupiga kelele, akajizuia, maana ilikuwa bado. Na kweli, karibu na ng'ambo ikavutika pembeni, kidogo tu, upande wa kulia wa Sindano. Upande mbovu.

Alimwona kaka yake akipeleka fimbo kwa mkono wa kushoto mbele ya mwili wake, akainama, akajinyoosha zaidi. Mkono mbovu ukabembea. Kiti kikainuka nyuma. Sindano akaingia majini.

Dirisha alikimbia. Mawe yalimteleza, pumzi ikamwishia njiani, na kila alipotazama ng'ambo aliona kiti kimepinduka na kichwa kimoja juu ya maji. "Nimemuua," alijiambia. "Nimemuua kaka yangu kwa mchezo."

Alipofika, Sindano alikuwa amekaa kwenye matope, maji kifuani, kofia haipo, anahema. Chini ya kwapa la kushoto alikuwa ameibana mashua, pua juu. Dirisha akamshika mabega.

"Niache!"

"Kaka, utaugua..."

"Nimeshaugua. Usiniinue kwanza. Geuza mkia huu, mimi sina mkono wa pili. Si huko! Huko! Upepo unatoka wapi, kwani wewe hujui?"

Dirisha akageuza.

"Mbaya hiyo. Mkia ulilegea, ndiyo maana mashua ikanikwepa. Haya, sogea, uende upande wako."

"Niende, nikuache majini?"

"Nani ataipokea huko, baba yako?"

Shemeji alikuwa anakuja mbio kutoka sokoni, anaita kwa sauti ya msiba. Dirisha akamtazama, akamtazama kaka yake aliyekuwa anatetemeka midomo, mkono wa kushoto umeshika mashua tayari, macho yako ng'ambo. Hakujua kama anatii au anatenda kosa. Akaanza kurudi alikotoka, anatembea kinyumenyume, hataki kumtoa machoni, anajikwaa.

"Kimbia!" Sindano alifoka. "Tumbo hilo!"