Jina la Gong'oti

Msusi hakungoja kukaribishwa kiti. Aliingia sebuleni kwa Mama Mwalimu, mkoba wa vitana ungali begani, akatoa maneno yote kwa pumzi moja.

"Mama, wamemtia Babu kwenye mchezo. Na wamemfanya zimwi."

Mama Mwalimu alikuwa anapanga vikombe kabatini. Kile alichokishika alikirudisha mezani taratibu, asije akakivunja.

"Babu yupi?"

"Gong'oti wetu."

Jina hilo halikuwa limetajwa nyumbani humo tangu mazishi. Lilikuwa jina la utani la marehemu mumewe, na waliompa ni watoto wa hospitali. Mumewe alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Alichonga mti, akapiga msasa, akashona mikanda ya ngozi, na kabla hajamvalisha mtoto mguu wake mpya aliugonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko, kisha ko ya peke yake. Watoto waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu walikuwa wanacheka mpaka machozi. Wakamwita Gong'oti. Msusi huyu alikuwa mmoja wao. Mguu wake wa kwanza aliupata akiwa hajaota meno ya ukubwani, na kila alipokua ukawa mfupi kwake alirudi kwa fundi yuleyule.

"Nieleze vizuri," alisema Mama Mwalimu, "na usinipunguzie."

Msusi akaeleza. Kuna vijana wanakutana Jumamosi mchana katika chumba kilicho juu ya duka la fundi simu. Wanakaa mezani, mmoja anasimulia nchi ya kubuni, wengine wanajifanya mashujaa wa nchi hiyo, na dadu ndizo zinazoamua nani anapona na nani anakwisha. Yeye alipelekwa na mteja wake, akaupenda mchezo. Juzi wakafika kwenye kinamasi. Msimulizi akawaambia kwamba humo anaishi mungu mchechemeaji, anayepita usiku akigonga milango, na atakayemfungulia anakatwa mguu. Jina lake Gong'oti.

"Nikainuka nikaondoka, Mama."

"Na huyo msimulizi ni mtoto wa nani?"

Msusi akatazama sakafu. "Wa kwenu, Mama. Ni yule wa shemeji yako."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Mama Mwalimu hadi utosini. Kama ni mtu wa nje, angesema hajui alitendalo. Lakini huyu! Huyu alikula kwenye meza hii likizo baada ya likizo, akafundishwa kusoma kwenye kochi hili, akamwita marehemu Baba Mkubwa. Alikuwa akishinda karakanani. Aliona kwa macho yake wazazi wakilia kwa furaha mlangoni. Leo mtu aliyewapa watu miguu ndiye anayewakata!

Jumamosi hiyo Mama Mwalimu alivaa gauni lake la kijivu, lile la kikao cha bodi enzi akiwa mwalimu mkuu, akapanda ngazi za duka la fundi simu bila kushika ukuta. Msusi alimfuata nyuma.

Chumba kilinuka risasi ya kuchomelea nyaya. Mezani palikuwa na ramani iliyochorwa kwa mkono, dadu za pembe nyingi, na rundo la kurasa zilizobanwa kwa klipu. Msimulizi alipomwona alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Mama Mkubwa! Shikamoo."

"Hiyo shikamoo iweke kwanza. Ndicho kitabu cha mchezo wenu?"

"Ndiyo. Kinakwenda kupigwa chapa wiki ijayo." Alijaribu kutabasamu. "Ni mchezo wetu wenyewe, Mama Mkubwa. Miungu na viumbe vyote nimevipa majina mimi."

Mama Mwalimu akavaa miwani. Alisoma kurasa zile kama alivyokuwa akisoma insha za watahiniwa, kidole kikitembea chini ya mstari.

"Mungu wa nuru, Zavelioni. Mungu wa hekima, Orithaeli. Haya umeyatoa wapi? Yanasikika kama dawa za kikohozi."

Fundi simu, aliyekuwa akicheza shujaa mwenye shoka, akabana kicheko.

"Jina la mungu linataka ugeni kidogo," alisema msimulizi. "Ili litukuke."

"Ahaa. Na hawa wa kinamasini? Mla maiti, mnyonya damu, mkata miguu? Wote umewapa majina ya kwetu. Nuru ni ya wageni, uvundo ni wetu! Ndiyo elimu niliyokupa kwenye kochi langu?"

Kijana aliinua kiti kilichoanguka.

"Mtoe Baba yako Mkubwa humo. Sasa hivi, nikiona."

"Siwezi, Mama Mkubwa."

"Huwezi?"

"Meza hii ina sheria. Tumeiweka sote. Jina likishatamkwa mezani haliondolewi kwa kuombana. Linaondolewa ndani ya mchezo, basi. Nikilitoa kwa sababu mtu kanikasirikia, kesho kila mtu atataka zimwi lililomuua libadilishwe."

"Mwangalie!" alifoka msusi. "Anamwekea mama yake sheria!"

Lakini Mama Mwalimu aliinua mkono. Alikuwa ameongoza shule miaka mingi. Sheria aliiheshimu hata ikiwa mkononi mwa mpumbavu. "Linaondolewaje ndani ya mchezo?"

Fundi simu ndiye aliyejibu. "Unakwenda mbele ya mungu mwenyewe, mama. Unataja jambo la kweli juu yake ambalo msimulizi halijui. Ukilitaja, jina ni lako. Ukikosea, unakufa."

"Na nani anaamua kama msimulizi alikuwa anajua?"

"Yeye mwenyewe. Kwa uaminifu."

Mama Mwalimu akamtazama kijana, kisha akaketi. "Nianzie kinamasini."

"Lazima uwe mtu fulani kwanza," alisema msimulizi kwa sauti ndogo. "Shujaa, mchawi, mwindaji..."

"Mimi ni mjane wa fundi. Endelea."

Akaendelea. Mwanzoni alisitasita, kisha usimulizi ukamchukua, maana kipaji alikuwa nacho, na hilo lilizidi kumchoma Mama Mwalimu. Alisimulia maji meusi, kibanda cha miti, na darini miguu isiyo na wenyewe iliyoning'inia kwa mikanda ya ngozi. Mama Mwalimu alikijua kibanda hicho; kilikuwa karakana ya mumewe. Mikanda ile aliinunua yeye.

"Umejifungia ndani," alisema msimulizi. "Kimya. Halafu unasikia."

Akagonga meza kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Akatulia. Ko.

Msusi alishtuka akashika goti lake. Mama Mwalimu alivua miwani. Tangu mazishi hakuwa ameusikia mlio ule, na hakutaka kuusikia kutoka mkono huu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa kavu.

"Baada ya kugonga anafanya nini?"

"Anakata."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

"Hapana. Baada ya kugonga anasikiliza. Anainama, analaza sikio kwenye mti, anafumba macho. Mti wenye ufa ndani haulii kama mti mzima. Tatu za kuuamsha, moja ya kuusikiliza. Akisikia ufa, anautupa mguu ule na kuanza upya, hata kama amekesha nao, ili mtoto wa mtu asije akaanguka barabarani. Hiyo ndiyo kazi ya Gong'oti."

Msusi alikunja suruali yake, akauweka mguu wake juu ya kiti kilichokuwa wazi, akaugonga. Mlio ulikuwa mmoja, safi. "Huu ni wa mwisho aliotengeneza," alisema. "Utie kwenye kitabu chako huo ufa, kama utauona."

Fundi simu alisukuma dadu pembeni. "Msimulizi. Ulikuwa unajua?"

Kijana angeweza kusema ndiyo. Mama Mwalimu alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa. Jina la mumewe lilikuwa limebaki kwenye ulimi wa huyu.

"Sikujua," alisema msimulizi. "Nilikuwa naogopa ile miguu iliyotundikwa. Akianza kugonga nilikuwa nakimbilia nje. Sikuwahi kuona kinachofuata."

"Basi jina si lako," alisema fundi simu.

Msimulizi akachukua kalamu. Kisha uso wake ukachangamka. "Mama Mkubwa, vipi nikimgeuza? Awe mungu mwema, mponyaji, nimjengee hekalu pale..."

"Thubutu! Mume wangu hakuwa mungu. Alikuwa fundi. Mtoe."

"Na huyu wa kinamasi nimwite nani?"

"Kichwa unacho. Kitoe jasho. Na usinigusie mtu wa ukoo huu tena, hata wewe mwenyewe."

Alikaa hapo mpaka ukurasa wa mwisho, akisoma jina kwa sauti kila lilipotokea, naye kijana akilikata. Lilipobaki moja pembeni ya ramani, alilinyooshea kidole bila neno.

Kijana alimsindikiza ngazini, akampa mkono ashike. Hakuushika.

"Mama Mkubwa, nilikuwa mtoto tu."

"Ungeuliza. Alikuwa na jibu, na muda wa kukujibu alikuwa nao."

Barabarani alimshika msusi kiwiko, wakaondoka pamoja. Hasira ilikuwa haijamtoka, wala hakuitaka itoke upesi. Lakini kijana alikuwa amesema kweli mbele za watu ilhali uongo ungemfaa, na hilo, kwa shingo upande, alimhesabia. Jumamosi inayofuata angerudi kukagua kurasa za chapa.