Walinihoji kuhusu kazi yangu, sasa naona imepewa mtu mwingine

Admin, nifiche jina, Garsen ni ndogo na watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka 36, Mpokomo wa Ndera, nimesoma mpaka kidato cha nne. Ni karani kwenye mradi wa wakulima. Kwa barua ya ajira, kazi yangu ni kugawa mbegu. Lakini ng'ombe wakiingia shambani, simu inapigwa kwangu. Kiorma, lugha ya wafugaji wa huku, nakijua tangu utotoni, basi naenda, naongea na wakulima, naongea na wafugaji, mpaka hasira ziishe.

Mwezi uliopita bosi akaleta jamaa kutoka Mombasa, eti anafanya uchambuzi wa kazi. Akakaa kando yangu akinitazama kutwa. Halafu maswali: hii unaifanyaje, kwa nini, ukiumwa nani ataifanya? Roho ilinikataa. Bosi akasema, "Usiogope dada, haangalii wewe, anaangalia kazi."

Nilitaka kuficha ile ya kupatanisha watu. Nikaogopa nitaonekana sina kazi. Nikamweleza yote, hata namna ninavyoanza kuongea watu wakiwa wamekasirika.

Wiki iliyopita tangazo likabandikwa. Nafasi mpya: kupatanisha wakulima na wafugaji. Maneno ni yangu kabisa! Ila wanataka digrii. Nilimpigia yule jamaa, akaniambia, "Mama, mimi niliandika ulivyonieleza. Digrii sikuiweka mimi." Sijui nimwamini. Aliyepata nafasi ni shemeji yake bosi, na alianza kuonekana ofisini hata kabla ya tangazo.

Nikamuuliza bosi, na mimi je? Akajibu, "Wewe si una mbegu zako?" Kisha akaniomba nimtambulishe huyo shemeji yake kwa wafugaji. Nikasema nitaangalia.

Jana mzee wa wafugaji akanipigia. "Binti yangu, amekuja mtu hapa Kilelengwani, anasema wewe umeacha, sasa ni yeye. Wewe ndiye umemtuma?"

Nikisema sikumtuma, hawatamsikiliza tena, na mahindi sasa yamekomaa, ng'ombe wanasogea mtoni. Watu wataumizana. Nikisema ndiyo, nimejitoa mwenyewe kazini kwa mdomo wangu. Nikamwambia nitampigia.

Mume wangu anasema nawaza vibaya, labda imetokea hivyo tu. Nyinyi mnaonaje? Mzee bado anasubiri simu yangu. Nimwambie nini?